Kamati ya Shule na Wakubwa wa Wilaya: Nani Ana Neno?



Jumapili moja baada ya Misa, hapa Issenye, mzee mmoja alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya parokia, kofia yake mkononi. Karani wa parokia hujulikana kwa kalamu yake. Watu humjia kuandikiwa barua za kila namna: barua ya kudai ng'ombe wa mahari, barua ya kuomba cheti cha ubatizo, barua ya kumwita kijana aliyepotelea Mwanza. Mzee huyo naye alikuwa na haja yake.

"Karani," akasema, "niandikie barua kwa Mkuu wa Wilaya kule Mugumu. Choo cha shule kimetitia. Wasichana wanakimbilia vichakani, nawe unajua vichaka vyetu vina nini."

Kweli twajua. Tunaishi jirani na mbuga, na tembo hawapigi hodi.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, na kamati ya shule imesemaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Kamati ipi?"

Nikamwuliza kama anamjua mwenyekiti wa kamati hiyo. Hakumjua. Kumbe mwenyekiti mwenyewe ni jirani yake, mtu wanayechunga naye ng'ombe katika bonde moja, na juzi tu walikuwa wamekaa pamoja kwenye msiba!

Msomaji, usimcheke mzee huyo. Jiulize wewe kwanza. Je, wawajua wajumbe wa kamati ya shule anakosoma mtoto wako? Wajua walikutana lini mara ya mwisho, na walikata shauri gani? Wengi wetu twamjua Mkuu wa Wilaya kwa sababu ya gari lake lenye bendera. Twamjua Mkurugenzi kwa sababu jina lake limo katika kila barua. Lakini mtu tuliyemchagua sisi wenyewe, kwa mikono yetu, hatumjui. Basi leo nataka tuzungumze jambo hili: madaraka ya shule yamegawanywaje kati ya kamati na bodi zetu kwa upande mmoja, na wakubwa wa wilaya kwa upande wa pili?

TULIKOTOKA

Kugawa madaraka si jambo geni kwetu. Babu zetu wa Issenye, Nata na Ikoma waliishi kwa marika. Rika moja lilipewa nchi kuilinda, kisha zamu yake ilipokwisha likapisha rika jingine, na wazee wakabaki na kazi yao ya kuonya na kubariki. Hakuna aliyeshika yote.

Shule zilipokuja, mambo yalikuwa namna nyingine. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na nyingine za serikali na za mabaraza ya wenyeji. Misheni ilijenga na kuendesha, serikali ikatoa msaada wa fedha na kukagua. Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Nia ilikuwa njema: mtoto asikataliwe shule kwa sababu ya dini yake au kabila lake. Lakini wazazi waliokuwa wakimjua padre au mchungaji mwenye shule, sasa walitakiwa kumjua ofisa aliye mbali.

Kisha mwaka 1972 yakaja madaraka mikoani. Jina lilikuwa zuri sana. Walakini halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zake zikashikwa na maofisa wa serikali waliotumwa wilayani na mikoani. Ndipo, mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana papa hapa mkoani kwetu, mjini Musoma, na kutoa lile Azimio la Musoma: kila mtoto wa umri wa kwenda shule aingie darasani ifikapo mwaka 1977. Wazee wetu bado wanasimulia jinsi walivyofyatua matofali, wakakata miti, wakasimamisha madarasa kwa mikono yao. Kazi ilikuwa ya wananchi. Lakini neno la mwisho lilikuwa la ofisa, maana mwaka ule hapakuwa na halmashauri ya wilaya hata moja ya kumwuliza. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Natoa habari hizi za zamani kwa sababu moja. Watu waliozoea kujenga bila kuulizwa hujenga, kisha huondoka. Mazoea hayo hayakuisha pale sheria ilipobadilika. Sheria ilifungua mlango. Sisi tumebaki nje tukisubiri kuitwa.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria tunayoifuata mpaka leo ni Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Sheria hiyo inataka kila shule ya msingi ya serikali iwe na kamati, na kila shule ya sekondari iwe na bodi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ni katibu wa kamati. Mkuu wa shule ya sekondari ni katibu wa bodi. Maana yake ni hii: mwalimu huandaa mambo na kuyaleta mezani, lakini si yeye mwenye kiti.

Sasa tuzitazame kazi za kila mmoja, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganya.

Kwanza, kamati au bodi. Kazi yake ni kusimamia na kushauri uendeshaji wa shule. Huangalia mpango wa shule, huangalia fedha zimeingia ngapi na zimetumikaje, huangalia majengo, mahudhurio na nidhamu ya wanafunzi. Ni jicho la wazazi na sauti yao.

Pili, Mkurugenzi wa Halmashauri. Huyu ndiye mwajiri wa walimu wa serikali wilayani. Chini yake wako Afisa Elimu wa shule za msingi na Afisa Elimu wa sekondari, na katika kata yuko Afisa Elimu Kata. Kumhamisha mwalimu, kupeleka fedha za ujenzi, kutengeneza bajeti ya wilaya, hizo ni kazi za upande wake. Naye hujibu mbele ya baraza la madiwani. Zamani sekondari zilisimamiwa moja kwa moja na Wizara ya Elimu. Mwaka 2009 zikahamishiwa kwa halmashauri, nasi tukaanza kwenda kwa Mkurugenzi kwa mambo ya sekondari kama tunavyokwenda kwa mambo ya msingi.

Tatu, Mkuu wa Wilaya. Huyu huteuliwa na Rais, naye ni mjumbe wa serikali kuu wilayani. Hulinda amani na usalama, na huangalia kwamba kazi za serikali zinatendeka. Yafaa tumheshimu. Lakini yeye si mwalimu mkuu wa shule zote, wala si mwenyekiti wa kamati zote.

Nne, wako wengine nje ya hao. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia nidhamu ya walimu wa serikali. Wadhibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, wako chini ya Wizara ya Elimu. Mitihani ya taifa ni kazi ya Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973.

Waona, msomaji? Mwalimu mkuu mmoja, katika kijiji kimoja, ana mabwana wengi. Huyu amwambia fanya hivi, yule amwambia fanya vile, na simu yake yalia mchana kutwa. Tusishangae basi kama mwalimu huyo amtii kwanza yule aliye na uwezo wa kumhamisha, na kamati aikumbuke mwisho. Yeye naye ana watoto wa kulisha.

HABARI YA FEDHA

Mtu akisema kamati haina nguvu, mimi humwuliza, "Fedha za shule huingia katika akaunti ya nani?"

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulizipa kamati za shule kazi ambayo hazikuwahi kuwa nayo kabla: kupanga na kusimamia matumizi ya ruzuku iliyoletwa shuleni. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakajaa, madarasa yakajengwa kwa usimamizi wa kamati. Baadaye, Januari 2016, ulipoanza mpango wa elimu bila ada, serikali ilianza kutuma fedha moja kwa moja katika akaunti za shule, bila kuzipitisha kwanza katika mfuko wa halmashauri. Kwa shule ya msingi hesabu iliyowekwa wakati ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka: shilingi 6,000 ziende shuleni, na shilingi 4,000 zibaki serikalini kwa kununua vitabu. Kwa sekondari ilikuwa shilingi 25,000, nusu yake kwa shule na nusu kwa vitabu.

Tufanye hesabu kidogo kama darasani. Shule yenye watoto 600, ukizidisha kwa shilingi 6,000, ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani shilingi 300,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Kununua chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango, bati moja au mawili, zimekwisha. Lakini kwa sababu ni chache, ndiyo maana zahitaji macho mengi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzazi ana haki ya kuona daftari hilo, na taarifa ya mapato na matumizi yapasa kubandikwa mahali pa wazi ambapo hata mama aliyetoka kisimani aweza kuisoma.

FIMBO YA BUKOBA

Pengine utasema, "Karani, hayo ni mambo ya karatasi. Kuna hasara gani mkubwa akiingia na kukata mashauri upesi?" Nitakukumbusha jambo lililotokea mkoani Kagera.

Mwezi wa Februari 2009, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba wa wakati ule, Bwana Albert Mnali, alizitembelea shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wameshindwa vibaya katika mtihani. Aliwalaumu walimu kwa uzembe na kuchelewa kazini, kisha akaamuru wachapwe viboko. Askari polisi akawachapa walimu 19 wa shule tatu. Habari ikaenea nchi nzima. Baada ya siku chache Rais Kikwete akamwondoa katika kazi yake.

Tulitazame jambo hili kwa utulivu. Huenda wako walimu waliokuwa wakichelewa. Huenda hasira ya bwana yule ilitokana na uchungu wa kweli kwa ajili ya watoto. Lakini tazama sheria ilivyo na uangalifu hata kwa mtoto mdogo. Kanuni za mwaka 2002 zasema kiboko cha mwanafunzi hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe katika kitabu. Ikiwa mtoto wa darasa la tano analindwa hivyo, mwalimu wake je? Sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu Mkuu wa Wilaya kumweka mtu mahabusu kwa muda usiozidi saa 48, pale amani inapohatarishwa. Haikuandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyechelewa kengele.

Nani basi alipaswa kushughulika na walimu wale? Kamati ya shule ingeliuliza kwanza, maana wazazi ndio wanaomwona mwalimu saa mbili asubuhi akiwa bado yuko njiani. Afisa elimu angelifuata. Mwajiri na chombo cha nidhamu ya walimu wangelimaliza. Njia hiyo ni ndefu, nakubali. Lakini watoto walioona walimu wao wakichapwa, waliwasikilizaje tena kesho yake?

KALAMU YANGU MWENYEWE

Sasa nataka nikuungamie jambo, msomaji, usije ukadhani nawanyoshea wengine kidole.

Kabla ya kuja ofisi ya parokia nilitoka chuo cha ualimu, na kama vijana wengi wa siku hizi nikafundisha kwa kujitolea nikingoja kuajiriwa. Ilikuwa wilaya nyingine, na jina la shule nitalificha. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilikuwa imetoa fedha za kujenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Vyumba 12,000 vilikuwa vya sekondari, na 3,000 vya shule shikizi, zile shule ndogo za watoto wanaokaa mbali. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Kazi ilifanywa na mafundi wa mahali penyewe, na shule zikaunda kamati za manunuzi, za mapokezi na za ujenzi. Utaratibu mzuri kabisa. Ila muda ulikuwa mfupi, maana watoto walitakiwa kuingia darasani Januari.

Kijiji chetu kilipata vyumba viwili vya shule shikizi. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umekwisha kukata shauri: vijengwe ng'ambo ya mto, kwenye kitongoji ambacho watoto wa darasa la kwanza na la pili hushindwa kuvuka wakati wa masika. Hata hivyo siku moja simu ililia. Mkubwa mmoja akamwambia mwalimu mkuu vyumba vijengwe huku barabarani, karibu na shule kubwa, maana lori la mchanga haliwezi kuvuka, na wageni watakuja kukagua.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Alipaswa kuita kikao cha kamati, lakini siku zilikuwa zimekwisha. Akaniita mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, akaniambia niandike muhtasari wa kikao: kikao kilikaa tarehe fulani, wajumbe waliohudhuria ni hawa, wote kwa kauli moja wamekubali vyumba vijengwe barabarani. Nikaandika. Kisha nikapanda baiskeli nikazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi.

Mama mmoja, mjumbe wa kamati, aliacha mchi wake kinuni akapangusa mikono. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Akaniuliza, "Mwalimu, kikao hiki tulikaa lini?"

Nikamjibu, "Mama, ni utaratibu tu."

Akatia sahihi, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Vyumba vilijengwa, tena vizuri. Kwa ninavyojua haukuibwa hata mfuko mmoja wa saruji. Masika yakaja, mto ukajaa, na wale watoto wadogo wa ng'ambo wakakaa nyumbani majuma kwa majuma, kama miaka yote. Huenda yule mkubwa alikuwa na haki kuhusu lori. Lakini kama angefika kikaoni, wazazi wangemwonyesha kivuko cha juu ambapo trekta hupita. Walikijua kivuko hicho wote. Hakuna aliyewauliza, na karatasi iliyosema kwamba waliulizwa niliiandika mimi.

Mwaka uliofuata nilirudi kijijini pale kumwomba radhi mama yule. Alinipa kiti, akanipa maji. Akasema, "Mwanangu, siku nyingine ukija na karatasi, njoo na mkutano."

Tangu siku hiyo sijaandika muhtasari wa kikao ambacho sikukaa.

JIRANI ZETU

Wako wanaodhani shida hii ni yetu peke yetu. Sivyo. Kenya walitunga Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2013, ikaweka bodi za usimamizi za watu 13 kwa kila shule ya serikali. Sita ni wawakilishi wa wazazi, na watatu hutoka kwa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa au jamii ya Waislamu iliyoianzisha. Lakini mwalimu anaajiriwa na kuhamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu iliyoko Nairobi. Basi mara kwa mara hutokea mvutano: tume inamleta mkuu wa shule mpya, na mfadhili au wazazi wanasema hawakushauriwa, wanafunga lango. Kule Uingereza nako, sheria ya mwaka 1988 ilizipa bodi za shule mamlaka ya kutumia bajeti zao, mamlaka yaliyokuwa ya serikali za mitaa, na mabishano juu ya nani ana neno hayakuisha siku ile.

Kila nchi inatafuta mahali pa kuweka mpaka. Na kila mahali mpaka huo huhama kwenda upande wa yule anayehudhuria vikao.

TUFANYEJE?

Sipendi makala yanayolalamika tu kisha yakanyamaza. Basi nawaachia mashauri machache ambayo kila mzazi aweza kuyafanya bila senti.

La kwanza, jueni majina. Juma hili mwulize mwalimu mkuu, kwa heshima, wajumbe wa kamati ni nani. Andika nyuma ya kalenda ya ukutani.

La pili, wakati wa kuchagua wajumbe, tusichague mtu kwa sababu ana ng'ombe wengi au kwa sababu hana kazi nyingine. Tumchague mwenye kuuliza. Tena tuwachague na akina mama, maana wao ndio wanaojua mtoto ametoka nyumbani na njaa au ameshiba.

La tatu, amri ikija kwa simu, iombwe kwa barua. Hili si jeuri. Mwalimu mkuu aseme kwa upole, "Mheshimiwa, nimepokea, naomba maandishi ili niipeleke kwenye kamati." Mkubwa mwenye shauri jema hatakataa kuandika. Na kamati nayo isimwache mwalimu huyo peke yake. Mwenyekiti akae karibu naye siku ya kujibu.

La nne, mjumbe asitie sahihi karatasi ya kikao asichokaa. Hata karatasi hiyo ikiletwa na mwalimu. Hata ikiletwa na karani wa parokia.

La tano, tujue njia ya kupanda. Jambo la shule lianzie kwenye kamati, liende kwa serikali ya kijiji na Afisa Elimu Kata, kwa diwani, ndipo lifike kwa Mkurugenzi. Mkuu wa Wilaya tumwendee pale njia hiyo inapozibwa, au pale usalama wa watoto unapokuwa hatarini. Tukimpelekea kila choo na kila kitasa, twamfundisha sisi wenyewe kuingia kila mahali, kisha twalalamika kwamba anaingia kila mahali.

Nanyi wakubwa wetu wa wilaya, kama gazeti hili lafika mezani penu, twawaheshimu na twawaombea kila Jumapili. Mnapokuja shuleni, mwulizeni mwenyekiti wa kamati kabla ya kumwuliza mwalimu. Kikao kimoja mkiketi nao mtajua mambo ambayo taarifa kumi hazitawaambia.

Tukumbuke yaliyoandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula cha kila siku. Mitume wangeweza kukata shauri wenyewe, maana nani angewapinga? Lakini waliwaita waamini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Watu wakachagua, mitume wakawaombea na kuwawekea mikono. Watu walichagua na wakubwa walithibitisha, na wajane wakapata chakula chao.

Na yule mzee wa choo? Sikumwandikia barua kwa Mkuu wa Wilaya. Nilimwandikia mistari minne kwa mwenyekiti wa kamati, jirani yake, kuomba choo kiwe ajenda ya kwanza kikaoni. Aliichukua mwenyewe kwa miguu. Kikao kimepangwa Jumamosi ijayo, saa nne, chini ya mwembe wa shule. Mzee ameniambia atakwenda, ingawa si mjumbe, akae pembeni asikilize. Mimi pia nitakwenda, na kalamu yangu.

Wewe je, shule ya mtoto wako itakaa kikao lini?